Rivyu: PDB na Mol* kwa anayetaka kuona breki za seli T kwa macho yake

Wadau wa baiolojia, udaktari na maabara, leo naandika kuhusu rcsb.org, ile tovuti ya Protein Data Bank ambayo wengi tunaiita PDB tu, pamoja na programu yake ya kuangalia molekuli inayoitwa Mol*. Naipima kwa kazi moja: kuelewa jinsi umbo la risepta (protini za juu ya seli zinazopokea ujumbe) za seli T, yaani seli za kinga, linavyoamua kama seli itashambulia au itatulia. Kwa kazi hiyo sijaona kitu cha bure kinachoifikia, ila kuna mahali inakuacha njiani, na mwanafunzi asipoambiwa mapema atabeba picha pungufu kichwani mpaka anamaliza chuo.

Bei kwanza, maana najua ndo swali la kwanza. Ni bure, bure ya kweli, hufungui akaunti, huweki kadi, hakuna toleo la kulipia lenye vitu vizuri vilivyofichwa, na data zenyewe zimeachiwa kila mtu azitumie anavyotaka, unaweza kuprinti picha ukaibandika ukutani darasani au ukaiweka kwenye slaidi bila kumuomba mtu ruhusa. Hazina hii ilianza 1971 kwenye maabara ya Brookhaven, New York, ikiwa na maumbo 7 tu ya protini, na mwaka 2023 ikavuka 200,000. Yaani watu wanahangaika miaka na protini moja mpaka ikubali kuganda iwe fuwele, wanaipiga eksirei, wanapiga hesabu, wanapata umbo, halafu wanaliweka hapo na mwanafunzi wa Mbeya au Kisumu analifungua sawasawa na profesa wa Harvard, faili ileile. Mimi hilo linanigusa sana, kwa sababu kwenye sayansi vitu vingi vya maana bado viko nyuma ya malipo.

Matumizi yake sio magumu. Kila umbo lina jina la herufi na tarakimu, jumla nne, unaliandika pale juu kwenye kutafuta, ukurasa unafunguka, unaenda sehemu ya 3D, basi, molekuli iko mbele yako unaizungusha kwa kidole au mausi. Ukibonyeza amino asidi moja (tofali moja la protini) inakusogeza karibu na kukuchorea majirani zake wote, vifungo kati yao vinatokea kama mistari ya nukta nukta, na pembeni chini unaandikiwa jina na namba ya ulichokishika. Protini ndogo zinafunguka vizuri tu kwenye simu ya kawaida na bando haliumii, ila makundi makubwa yenye minyororo mingi tafuta laptopu, simu yenye memori ndogo itakwama. Ule ukanda wa mfuatano wa amino asidi unaokaa juu ya picha unabanana kwenye skrini ndogo, kwa hiyo laza simu.

Sasa tuingie kwenye seli T zenyewe.

Ushauri wangu anza na 1AO7. Hilo ni umbo la mwaka 1996, linaonyesha risepta ya seli T ikiwa imelala juu ya HLA-A2, protini ya mwili ya kubebea vipande, iliyobeba kipande cha virusi vya HTLV-1. Kwenye vitabu tunafundishwa kwamba seli T haimtambui kirusi mzima, inatambua kipande kidogo cha protini yake kilichobebwa na HLA, na watu wanakariri hivyohivyo bila kuona. Hapa unaona. Kipande chenyewe ni amino asidi 9 tu, kimelala kwenye kabonde kati ya kuta mbili za HLA, na risepta imekaa juu yake kimshazari, haijanyooka. Bonyeza ile tairosini (aina moja ya amino asidi) iliyo nafasi ya tano, katikati ya kipande, uone ilivyochomoza juu na kuingia kwenye kashimo kati ya vitanzi viwili vya risepta, kimoja cha mnyororo wa alfa na kingine cha beta. Hivyo vitanzi ndo sehemu inayotofautiana zaidi kati ya seli T moja na nyingine. Ukishaona ile tairosini ilivyokaa huhitaji tena mtu akueleze kwa nini kubadilika kwa amino asidi moja kwenye kirusi kunaweza kumpotezea mwili shabaha.

Lakini kutambua peke yake hakutoshi kuwasha seli T, na ikishawashwa lazima kuwe na kitu cha kuizima, la sivyo itageukia mwili wenyewe. Hapo ndo tunafika kwenye risepta za breki, na kwa maoni yangu hapa ndo PDB inapata nyota zake zote.

Fungua 4ZQK. Hii ni PD-1 ya binadamu, risepta ya breki, ikiwa imeshikana na PD-L1, protini inayoikanyaga breki hiyo, ilitoka 2015. PD-1 yenyewe iligunduliwa 1992 kwenye maabara ya Tasuku Honjo kule Kyoto, na mwaka 2018 yeye na James Allison, aliyeshughulikia breki nyingine inayoitwa CTLA-4, wakapewa Nobeli kwa kuonyesha kwamba ukiiachia seli T breki zake inaweza kupigana na saratani. Uvimbe mwingi wa saratani unajipaka PD-L1 nje, seli T ikifika inashikwa PD-1 yake na kuambiwa tulia, inatulia. Hadithi hiyo wengi wanaijua. Ambacho hawakijui mpaka waone picha ni jinsi mshiko wenyewe ulivyo. Mimi nilitegemea shimo na kitu kinachoingia kwenye shimo, kama vimeng'enya vingi vilivyo, kumbe ni nyuso mbili zilizo karibu bapa zimeegemeana ubavu kwa ubavu. Upande wa PD-1 bonyeza isolusini 126, lusini 128 na isolusini 134, upande wa PD-L1 bonyeza tairosini 56 na tairosini 123, zile ndo zinazobeba sehemu kubwa ya mshiko na nyingi ni zile zisizopenda maji. Zungusha taratibu uitazame kwa ubavu sehemu yote zinapogusana. Hakuna shimo la maana la kuchomeka kamolekuli kadogo.

Na hapo ndo unaelewa kitu ambacho famasia wengi wananiuliza, kwamba kwa nini dawa za PD-1 zinazojulikana ni za dripu au sindano na sio vidonge. Kamolekuli kadogo ka kidonge kanahitaji pa kujificha, uso bapa haukapi, kwa hiyo imebidi itumike kingamwili nzima, kitu kikubwa chenye uso mpana wa kufunika. Kingamwili ukiimeza tumbo linaimeng'enya kama nyama. Ndo maana dripu au sindano, na ndo sababu moja ya bei zake kuwa juu vile, maana kingamwili inatengenezwa na seli hai kwenye matangi, haichanganywi kama paracetamol.

Ukitaka kuona dawa yenyewe kazini fungua 5GGS, hiyo ni pembrolizumab ikiwa imeishika PD-1. Tovuti ina sehemu ya kulinganisha maumbo mawili kwa kuyapandisha moja juu ya lingine, weka 4ZQK na 5GGS, chagua mnyororo wa PD-1 pande zote mbili, subiri kidogo. PD-1 mbili zinakaa pamoja na unaona wazi kwamba pale PD-L1 ilipokuwa imeegemea sasa kuna mwili wa kingamwili, haiwezekani vitu viwili vikae hapo kwa wakati mmoja. Dawa haiui saratani, haigusi hata seli ya saratani, inakaa tu kwenye kiti cha mwingine na kushikilia kwa nguvu kuliko mwenyewe, maana mshiko wa PD-1 na PD-L1 ni dhaifu kwa viwango vya protini. Nimeonyesha hii kwa wauguzi wanaofanya kazi wodi ya saratani na kimya kilichofuata kilikuwa cha watu wanaoelewa, mmoja akasema kumbe ndo maana madhara yake ni ya kinga kushambulia utumbo na tezi na mapafu, sio nywele kunyonyoka. Ndo hivyo dada, umeachia breki za mwili mzima, sio za kwenye uvimbe peke yake.

Halafu fungua na 5WT9, nivolumab. Zote mbili ziliruhusiwa Marekani 2014, zote zinaziba PD-1, mtu angedhani zinashika sehemu ileile. Hapana. Nivolumab inategemea sana kale kamkia ka mwanzo kabisa wa protini, pembrolizumab inakamata kitanzi kingine upande mwingine, na mwisho wa siku zote zinazuia PD-L1 isikae. Hiki ni kitu ambacho kwa maneno ningehitaji nusu saa na ubao mzima, kwenye Mol* ni dakika tano.

CTLA-4 nayo usiiruke. Umbo ni 1I8L, la 2001, CTLA-4 na B7-1, protini ya juu ya seli zinazoionyesha seli T vile vipande. Hii breki ya pili inafanya kazi tofauti kabisa na umbo linakuambia kwa nini. CTLA-4 ziko mbilimbili, zimeunganishwa, na sehemu zake za kushikia zinaangalia nje, huku na huku, kwa hiyo jozi moja ya CTLA-4 inashika B7 mbili zilizo kwenye jozi tofauti, na hizo nazo zinashikwa na CTLA-4 nyingine, unapata mlolongo mrefu uliosukwa kama zipu. CD28, ambayo ndo inayowasha seli T, inagombania B7 hizohizo lakini mshiko wake ni dhaifu zaidi, kwa hiyo CTLA-4 ikitokea inazichukua, na utafiti wa baadaye ukaonyesha inazinyofoa kabisa kwenye seli jirani na kuzimeza. Watengeneza dawa wakaitumia hiyo tabia kwa upande wa pili: walichukua kichwa cha CTLA-4 wakakipa mkia wa kingamwili wakapata abatacept, dawa ya baridi yabisi iliyoruhusiwa 2005, ambayo inazima badala ya kuwasha. Wakabadilisha amino asidi 2 tu kwenye kichwa hicho ili kishike vizuri zaidi wakapata belatacept, 2011, kwa watu waliopandikizwa figo. Amino asidi mbili! Zitafute zilipo, alanini 29 na lusini 104, bonyeza uone zilivyo karibu na uso wa kushikia. Kwa mwanafunzi anayedhani kwamba maumbo ya protini ni mapambo ya kitabu, hapo ndo pa kumpeleka.

Sasa niende kwenye tatizo, na sio dogo.

Rudi 4ZQK uulize PD-1 nzima ina amino asidi ngapi. Ni 288. Kilichopo kwenye picha ni kichwa tu, ile sehemu inayokaa nje ya seli. Shina linalopita kwenye utando wa seli halipo. Mkia unaoingia ndani, karibu amino asidi 97, haupo. Na mkia ndo unaofanya kazi ya breki, maana una tairosini mbili, ya 223 na ya 248, ambazo zikiwekewa fosfeti zinaita kimeng'enya cha SHP2, na hicho ndo kinaenda kuondoa fosfeti kwenye CD28 na wenzake na kuzima moto. Kwa hiyo unaangalia breki ambayo unaona kanyagio bila waya wala magurudumu. Sababu ni ya kiufundi na inaeleweka, shina linapenda mafuta haligandi vizuri, mkia unayumbayumba hauna umbo moja, watafiti wanakata ili wapate fuwele. Lakini ukurasa haukupigii kelele kuhusu hilo. Taarifa ipo, ukishuka kwenye jedwali la mfuatano na ule mchoro wa mistari utaona ni kipande gani kimo na kipi hakimo, ila mgeni hawezi kujua kwamba anatakiwa kushuka huko, anaona picha nzuri iliyokamilika na anaamini ndo PD-1.

Mwaka 2024 hilo pengo likaonekana umuhimu wake. Watafiti wa NYU wakishirikiana na Oxford walitoa kazi kwenye jarida la Science Immunology wakionyesha kwamba PD-1 haikai mojamoja kama ilivyofikiriwa muda mrefu, inaunda jozi, na kinachoziunganisha ni lile shina la kwenye utando. Kichwa hakihusiki sana na hiyo jozi. Wakibadilisha amino asidi moja ndani ya shina, breki inaongezeka au inapungua nguvu. Fikiria maana yake, miaka yote watu tumezungusha vichwa kwenye skrini tukihesabu vifungo kati ya PD-1 na PD-L1, na kitu kinachopanga breki ishike kiasi gani kilikuwa kwenye kipande kilichokatwa kabla ya picha kupigwa. Na kinafungua mlango wa dawa za aina nyingine pande zote mbili, ukitaka kulegeza breki kwa mgonjwa wa saratani unavunja jozi, ukitaka kuikaza kwa mtu mwenye lupusi au baridi yabisi unaiimarisha. Mimi nikifundisha sasa nawapa wanafunzi mfuatano wa PD-1 yote 288 kwenye karatasi, wapake rangi sehemu iliyomo 4ZQK, halafu wazungushie shina na zile tairosini mbili za mkiani. Kiasi cha karatasi kinachobaki cheupe kinawashtua, na ni vizuri kiwashtue.

Tovuti imejaribu kuziba pengo kwa kuweka maumbo yaliyokisiwa na AlphaFold, programu ya kompyuta, pembeni ya yale yaliyopimwa. Tafuta PD-1 kwa namba yake ya UniProt (orodha kuu ya mifuatano ya protini), Q15116, utapata protini nzima kuanzia mwanzo hadi mwisho. Nashukuru wameweka rangi za uhakika: bluu iliyokoza maana yake programu ina uhakika, chungwa maana yake haina. Kichwa ni bluu safi, mkia ni uzi wa chungwa unaozungukazunguka bila mpango, na huo uzi usiuchukulie kama umbo, ni programu inasema hapa sijui. Zaidi ya hapo inakuonyesha PD-1 moja peke yake, wakati jambo lenyewe la 2024 ni jozi. Kwa hiyo itumie kuona urefu na mpangilio wa vipande, usiitumie kuelewa jinsi breki inavyofanya kazi.

Anayetaka kuona shina la kweli lililopimwa aende 6JXR, tena kwa laptopu. Hiyo ni risepta ya seli T pamoja na kundi lake lote la CD3 (protini wenzake wanaopeleka ujumbe ndani), minyororo 8, ya mwaka 2019 kutoka Harbin, China, imepigwa kwa hadubini ya elektroni kwenye baridi kali, hakuna fuwele. Shuka chini kwenye zile hesi 8 (vipande vilivyojisokota kama springi) zinazopita kwenye utando, zimekaa kama fungu limefungwa pamoja. Tafuta ajinini na laisini za mnyororo wa alfa na laisini ya beta, zote zina chaji chanya na ziko katikati ya mafuta mahali ambapo chaji haitakiwi kabisa kuwepo, halafu angalia jirani zake za CD3 zenye chaji hasi. Ndo zinazoshikilia kundi zima lisisambaratike. Ukishaona hilo, habari ya shina la PD-1 haikushangazi tena, shina sio kamba ya kuning'inizia kichwa. Hata hapa mikia ya ndani haionekani, ileile shida ya kuyumba, ila angalau unaona njia ambayo ujumbe unapita kuingia seli.

Mambo mengine madogo. Kiswahili hakuna, lugha ni Kiingereza na maelezo ya kila umbo yameandikwa kwa wataalamu, mwanafunzi wa kidato cha sita atahitaji mwalimu pembeni. Kuna upande wao wa elimu unaitwa PDB-101 ambao ni rahisi zaidi, una makala za kila mwezi alizozianzisha David Goodsell mwaka 2000 na michoro yake ya rangi za maji ya ndani ya seli, michoro hiyo peke yake inatosha kumfanya mtoto apende baiolojia, na kule ndo ningempeleka mtu ambaye hajawahi kuona protini. Kupiga picha ya skrini kwa ubora wa juu kuna kitufe chake humohumo ndani ya Mol*, na unaweza kufanya mandharinyuma yaondoke, kwa wanaotengeneza slaidi hiyo ni zawadi.

Kwa mwalimu wa chuo, mwanafunzi wa udaktari, famasia, mtu wa maabara anayesoma kinga, naipa nyota nne na nusu kati ya tano. Hiyo nusu nitairudisha siku watakapoandika kwa herufi kubwa juu ya kila picha ya risepta: hiki ni kipande, protini nzima ina urefu huu, sehemu hizi zimekatwa. Data ya kuandika sentensi hiyo wanayo tayari kwenye ukurasa uleule. Mgonjwa au ndugu wa mgonjwa anayetaka kujua kama pembrolizumab itamfaa, hapa sipo mahali pake, muulize daktari wa saratani akueleze vipimo vya PD-L1 na aina ya uvimbe ulionao, umbo la protini halitakujibu swali hilo.